Mbunge Auliza, Waziri Ajibu, Nasi Je?



Juma hili nataka tuzungumze habari ya maswali. Si maswali ya mtihani wa watoto, bali yale ambayo wabunge huwauliza mawaziri asubuhi kule Dodoma, na hasa yale yahusuyo msaada wa Serikali kwa viwanda. Najua baadhi yenu mtasema, "Mambo hayo ni ya wakubwa. Sisi huku Misunkumilo tuna jembe, mvua na bei ya mahindi, yatutosha." Ngojeni kidogo. Jembe, mvua na bei ya mahindi ndivyo vinavyonifanya niandike haya.

Tazameni jambo la nyumbani kwanza. Mkulima avuna mpunga wake. Ada ya shule inamgoja, na deni la mbolea linamgoja, basi auza mpunga vile vile na maganda yake. Sasa, kilo 100 za mpunga hutoa kilo kama 60 hadi 70 za mchele, tena hutoa pumba za kulishia kuku na nguruwe. Mwenye mashine ya kukoboa apata mchele, apata na pumba. Baada ya miezi michache mama wa nyumba ile ile aenda dukani kununua mchele, tena kwa bei ya mchele. Bei aliyouzia mumewe ni moja, na bei anayonunulia yeye ni nyingine. Mkitaka kujua kiwanda ni nini, hesabuni tofauti ya bei hizo mbili. Tofauti hiyo huenda kwa mwenye mashine, na kwa wafanyakazi wake, na kwa mji ule ambamo mashine inanguruma.

Na tumbaku je? Kwa miaka mingi tumbaku ya Mpanda imesafirishwa hadi Morogoro kwenda kutengenezwa, safari ya karibu kilometa 1,000 kwa njia ya reli. Jasho ni la huku, lakini mishahara ya kiwandani hulipwa kule. Sisemi kwamba watu wa Morogoro wametuibia, hapana. Nasema tu kwamba mahali palipo na kiwanda pana kazi za vijana, na mahali pasipo nacho vijana hupanda gari wakaondoka. Mzazi yeyote mwenye kijana aliyemaliza shule aelewa ninalosema.

Ndiyo maana Serikali ikitangaza kwamba itasaidia viwanda, kila mtu hufurahi. Lakini yafaa tujue msaada huo wapita njia gani. Mara nyingine Serikali hutoa mkopo. Mara nyingine huweka dhamana, maana yake husema kwa benki, "Mkopeshe huyu; akishindwa nitalipa mimi." Mara nyingine husamehe kodi, au hutoa ardhi, au hupeleka umeme na barabara. Na mara nyingine huongeza ushuru juu ya bidhaa za nje ili za hapa nchini zipate soko.

Angalieni sana: kila njia katika hizo ina mtu anayelipa. Twaweza kuchukua mfano wa mafuta ya kula. Katika bajeti ya mwaka 2018/19 ushuru wa mafuta ghafi ya kula kutoka nje uliwekwa asilimia 25, na wa mafuta yaliyokwisha kusafishwa asilimia 35, ili kuwalinda wakulima wa alizeti na wenye viwanda vya kukamua. Mkulima wa alizeti alikuwa na sababu ya kushangilia. Lakini mama aliyenunua kibaba cha mafuta ya kukaangia alilipa sehemu ya msaada ule kila alipofungua pochi yake. Miaka iliyofuata viwango vikabadilishwa tena, na kila vilipobadilishwa kuna aliyecheka na kuna aliyelia. Sisemi ya kwamba ushuru ule ulikuwa mbaya. Nasema kwamba msaada wa kiwanda hautoki mbinguni kama mvua. Watoka katika pochi ya mama na katika kodi ya baba.

Basi kama ni sisi tunaolipa, ni nani atakayeuliza kwa niaba yetu?

Katiba ya nchi yetu yatoa jibu. Ibara ya 63 yasema kwamba Bunge ndicho chombo kikuu chenye madaraka, kwa niaba ya wananchi, ya kuisimamia na kuishauri Serikali. Na kazi ya kwanza inayotajwa hapo ni kumwuliza Waziri yeyote swali lolote juu ya mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Tena ibara ya 100 yalinda uhuru wa mawazo na majadiliano ndani ya Bunge, hata mbunge asishitakiwe mahakamani kwa sababu ya maneno aliyosema mle. Kwa hiyo mbunge wako hana sababu ya kuona haya au kuogopa. Kuuliza ndiyo kazi aliyoajiriwa.

Na mambo huenda hivi. Mbunge aandika swali lake, lapelekwa kwa Katibu wa Bunge, nalo lapelekwa kwa Wizara inayohusika. Siku yake ikifika Spika amwita mbunge, naye aliuliza. Waziri, au mara nyingi Naibu Waziri kwa niaba yake, asimama na kusoma jibu lililoandikwa. Hilo ni swali la msingi. Kisha mbunge aweza kuuliza maswali ya nyongeza, nayo hujibiwa papo hapo pasipo karatasi. Wenye kusikiliza redio wajua kwamba utamu uko hapo. Jibu la karatasi limetengenezwa na makarani wa Wizara, lakini jibu la nyongeza hutoka katika kichwa cha Waziri mwenyewe. Hapo ndipo utakapotambua kama anaijua kazi yake.

Kanuni za Bunge za mwaka 2007 zikaongeza jambo jingine, yaani nusu saa ya Alhamisi ambapo Waziri Mkuu huulizwa maswali papo kwa papo. Watu wa Katavi tunalikumbuka jambo hilo vizuri, maana kuanzia Februari 2008 hadi mwaka 2015 aliyesimama kujibu alikuwa Mheshimiwa Mizengo Pinda, mwana wa Kibaoni, aliyependa kujiita mtoto wa mkulima.

Desturi hii ya kuuliza si ya jana. Swali la kwanza linalojulikana kuandikwa katika kumbukumbu za Bunge la Uingereza liliulizwa mwezi Februari mwaka 1721. Mnajua lilihusu nini? Lilihusu kampuni iliyobebwa na Serikali! Kampuni ile iliitwa South Sea, nayo ilikuwa imepatana na Serikali kuchukua madeni ya nchi. Wakubwa wakaisifu, watu wakakimbilia hisa zake, bei ikapaa, na mwaka 1720 ikaanguka, na wengi wakafilisika. Mtunza fedha wake, Robert Knight, akatoroka. Ndipo Lord Cowper akasimama akamwuliza Waziri Sunderland kama ni kweli kwamba mtu huyo amekamatwa Brussels. Yapata miaka 300 imepita, lakini swali lenyewe halijazeeka: fedha za watu ziko wapi, na aliyezishika yuko wapi?

Sasa nije kwenye shabaha yangu. Nimesikiliza maswali mengi juu ya viwanda, na nimeona ya kwamba swali laweza kuwa zuri au laweza kuwa kelele. Mbunge akiuliza, "Je, Serikali ina mpango gani wa kuleta viwanda katika mkoa wetu?" Waziri atajibu, "Serikali inatambua umuhimu wa viwanda, na itaendelea kuweka mazingira mazuri kadiri fedha zitakavyopatikana." Makofi yapigwa, na siku imepita. Swali halikuwa na kipimo, basi na jibu halikuwa na kipimo. Ukienda sokoni ukasema, "Nipe nyama," bila kutaja kilo, usimlaumu mchinjaji akikufungia mifupa.

Swali zuri la kiwanda, kwa fikara zangu, lina mambo manne ndani yake. Nitayataja moja moja, na kila moja nitalifunga kwa jambo lililotokea kweli.

La kwanza: Nani amepewa?

Mwaka 2008 na 2009 dunia nzima ilipatwa na taabu ya fedha iliyoanzia Marekani. Bei ya pamba na kahawa ikashuka, na wanunuzi wakapata hasara. Mwezi Juni 2009 Rais Jakaya Kikwete alitangaza kule Dodoma mpango wa kuunusuru uchumi, wenye jumla ya shilingi trilioni 1.7 hivi. Ndani yake kulikuwa na fidia kwa wanunuzi wa pamba na kahawa, na dhamana za mikopo. Nia ilikuwa njema. Wanunuzi wakianguka, mkulima hana wa kumwuzia. Lakini miaka ilipopita wabunge walisimama wakadai kujua: ni kampuni gani zilizopewa, na kila moja ilipata kiasi gani? Wakataka hesabu zikaguliwe. Je, walikosea? Hata kidogo. Msaada wa siri huzaa manung'uniko hata ukiwa umetolewa kwa haki. Kijijini kwetu, chakula cha njaa kikigawiwa usiku, hata aliyepata kwa haki hushukiwa. Kikigawiwa mchana, majina yakisomwa mbele ya watu, hakuna fitina.

La pili: Kwa masharti gani, naye asipoyatimiza itakuwaje?

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 Serikali yetu ilijenga na kumiliki viwanda vingi. Vingi vikalemewa, na katika miaka ya 1990 na baadaye vikauzwa kwa watu binafsi. Wengine waliviendesha vizuri, na wafaa kusifiwa. Wengine walivifunga, wakauza mitambo, au wakavigeuza maghala. Jirani zetu wa Tabora wana kiwanda cha nyuzi kilichouzwa, kisha kikasimama, na wabunge wao wamekiulizia mara nyingi hata hesabu imepotea. Wakati wa Rais John Magufuli Serikali ilianza kuvirudisha mikononi mwake baadhi ya viwanda ambavyo wanunuzi hawakutimiza mikataba. Sasa fikirini: kama mikataba ingalisomwa Bungeni siku ya kuuza, na kama mbunge angaliuliza siku ile ile, "Asipokiendesha katika miaka mitatu, tutamfanya nini?" je, ingalitulazimu kungoja miaka 20?

Fikirini pia habari ya kiwanda cha matairi cha General Tyre kule Arusha, kilichoanzishwa mwaka 1969. Serikali ilikuwa na hisa asilimia 74, na kampuni ya Continental ya Ujerumani asilimia 26. Kiwanda kikadhoofika. Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, ukakikopesha dola za Marekani milioni 10 ili kisimame tena. Fedha za mfuko ule ni akiba ya wafanyakazi, ni uzee wao. Kiwanda hakikusimama. Baadaye Serikali ikazinunua zile hisa za Continental, na wabunge wakaendelea kuuliza mwaka hadi mwaka, "Kitaanza lini?" Mimi naona swali la "lini" lilichelewa. Swali lililotakiwa siku mkopo ulipotolewa ni hili: "Kisipozalisha matairi, nani atairudisha akiba ya wafanyakazi, na kwa fedha ipi?"

La tatu: Kiwanda cha namna gani?

Hapa nawaomba wazazi wawaite watoto wao wanaojua hesabu. Mwezi Juni 2020 taifa liliambiwa ya kwamba katika miaka mitano viwanda vipya 8,477 vilikuwa vimejengwa. Hesabu kubwa! Lakini hesabu hiyo ilikuwa na mafungu yake, nayo yalitajwa: viwanda vikubwa 201, vya kati 460, vidogo 3,406, na vidogo sana 4,410. Jumlisheni mtaona zafika 8,477 sawasawa. Na kiwanda kidogo sana maana yake nini? Kwa sera yetu ya viwanda vidogo na biashara ndogo ya mwaka 2003, ni chenye watu kuanzia mmoja hadi wanne, na mtaji usiozidi shilingi milioni 5. Basi zaidi ya nusu ya viwanda vile vilikuwa vya namna hiyo.

Mtakumbuka jinsi watu walivyocheka Waziri wa Viwanda wa wakati ule, Mheshimiwa Charles Mwijage, aliposema mwenye vyerehani vinne ana kiwanda. Mimi sikucheka. Fundi cherehani ni mtu wa kazi; huwavika watoto wetu sare, na mashine yake humlisha yeye na jamaa yake. Neno la Waziri lilikuwa sawa kwa sera. Ila mbunge mwenye akili hatosheki na jumla. Atauliza, "Katika hivyo 8,477, mkoa wangu una vingapi vikubwa, vingapi vya kati, na vimeajiri vijana wangapi?" Maana kijana wa Misunkumilo hataajiriwa na jumla ya taifa. Ataajiriwa na kiwanda chenye mlango, mahali anapoweza kufika kwa baiskeli.

La nne: Kitabaki nini?

Hili ni letu sisi wa Mpanda, nalo limeandikwa ardhini kwa chuma. Katika miaka ya 1940 mwishoni, wakati wa Mwingereza, ilijengwa njia ya reli kutoka Kaliua hadi Mpanda, kilometa zipatazo 210. Haikujengwa kwa ajili ya mahindi yetu, wala kwa ajili ya wagonjwa wetu. Ilijengwa kwa ajili ya mgodi wa risasi uliokuwa ukichimbwa na kampuni ya Uruwira Minerals. Huo ndio msaada wa Serikali kwa kiwanda: kampuni moja yahitaji njia, na mali ya umma yailaza njia porini. Mgodi ulichimbwa miaka isiyozidi mingi, nao ukafungwa mwaka 1960, mwaka mmoja kabla ya Uhuru. Kampuni ikaenda zake.

Lakini reli ikabaki. Ikabeba tumbaku, ikabeba mahindi, ikabeba akina mama na vikapu vyao, na wanafunzi na masanduku yao. Msaada ule ungalikuwa wa fedha mkononi tu, ungalitoweka na kampuni. Kwa kuwa ulikuwa njia, watu waliurithi. Haya ni mafundisho makubwa. Waziri akisema Serikali imesaidia kiwanda fulani, na aulizwe, "Siku mwenye kiwanda akifunga mlango, wananchi watabaki na nini?" Umeme hubaki. Barabara hubaki. Ufundi uliofundishwa kwa vijana hubaki. Msamaha wa kodi haubaki.

Na katika jambo hilo maswali yana nguvu yake. Kwa miaka mingi mji wa Mpanda uliangazwa na majenereta yanayokunywa dizeli, mbali na gridi ya Taifa. Na nani angejenga kiwanda kikubwa juu ya umeme wa namna ile? Wabunge wa huku waliuliza habari ya umeme tena na tena, hata ukaanza ujenzi wa njia ya kilovolti 132 kutoka Tabora. Waliuliza habari ya barabara ya lami ya Tabora hadi Mpanda, nayo ikazinduliwa mwezi Mei 2022. Siwezi kusema kwamba swali peke yake lilimwaga lami; fedha na mikopo na wahandisi vilihitajiwa. Lakini jambo lisiloulizwa husahauliwa, na karatasi iliyosahauliwa huliwa na mende.

Haya, nasikia mtu akisema, "Mwandishi, umetupa maswali manne, lakini mimi si mbunge." Ndugu yangu, hapo ndipo nilipotaka tufike. Mbunge ni mdomo. Lakini mdomo usio na habari husema maneno ya kawaida. Habari unazo wewe. Wewe ndiwe unayejua mashine ya kukoboa imesimama siku ngapi kwa kukosa umeme. Wewe ndiwe unayejua bei ya gunia la mpunga mwezi Juni na bei ya mchele mwezi Januari. Mbunge akija mkutanoni, usimwambie tu, "Tunaomba kiwanda." Mpe hesabu. Mwambie, "Kata yetu ina mashine kadha wa kadha, zimesimama siku kadha, tumepoteza kadha. Tuulizie Waziri jambo hili, nasi tutasikiliza jibu."

Tena si lazima kungoja Dodoma. Iko Serikali iliyo karibu zaidi, nayo ni halmashauri. Kwa sheria, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 mikopo hiyo ilisimamishwa kwa muda ili utaratibu wake utengenezwe upya, kisha ikarudishwa. Huo ni msaada wa Serikali kwa viwanda vidogo, nao uko mlangoni pako. Kikundi cha akina mama wanaotaka mashine ya kukamua alizeti, au vijana wanaotaka kuchuja asali na kuitia chupani, waweza kuomba. Na diwani wako aweza kuuliza katika baraza la madiwani yale yale manne: Nani amepewa? Kwa masharti gani? Wanatengeneza nini? Na kitabaki nini? Kisha liko shirika la SIDO, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973 kwa ajili ya kuwasaidia wenye viwanda vidogo kwa mafunzo, mashine na mikopo. Nendeni mkaulize huko nako.

Lakini muulizaji naye ana wajibu. Ukimwuliza diwani habari ya mikopo, nawe kikundi chako hakijarudisha cha mwaka juzi, swali lako litakurudia usoni. Mwenye kudai hesabu na awe na daftari lake. Vyama vingi vya msingi vimekufa, si kwa kukosa Waziri wa kuwasaidia, ila kwa kukosa daftari lililo safi.

Tena tusimfanye Waziri kuwa adui. Waziri mwema hupenda swali gumu, maana lampa nguvu ya kwenda kwa makarani wake na kusema, "Bunge linataka jibu, leteni hesabu." Waziri asiyeulizwa hudanganywa na walio chini yake, kama baba asiyeuliza nyumbani anavyodanganywa na watoto kwamba mbuzi wote wamerudi.

Nimalizie kwa ushauri ambao waweza kuufanya juma hili hili. Nunua daftari la kurasa chache. Ukisikia redioni mbunge wa mkoa wetu, wa jimbo au wa viti maalum, ameuliza juu ya kiwanda, umeme, au ushuru wa mazao, andika tarehe, andika swali, andika jibu la Waziri. Kama hukusikia vizuri, maneno yote ya Bunge huandikwa katika Taarifa Rasmi, na kijana mwenye simu aweza kukutafutia. Waziri akitaja mwaka, uzungushie mduara. Mwaka ule ukifika, mwonyeshe mbunge daftari mbele ya mkutano, kwa heshima, bila matusi, ukamwambie, "Mheshimiwa, hii hapa ahadi, na leo ndiyo tarehe yake." Ahadi ni deni, na deni lisiloandikwa husahauliwa kwanza na mdaiwa.

Daftari moja kwa mtaa mmoja latosha. Likae kwa mtu mwaminifu, na anayetaka alisome.

Kwaherini, hadi juma lijalo.